Siku ya Muungano Iwe Pia Siku ya Hesabu

Kila ifikapo tarehe 26 Aprili ofisi za serikali hufungwa Unguja na Pemba, na siku hiyo hiyo hufungwa Dodoma, Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma. Bendera hupepea, hotuba hutolewa, na viongozi wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano na wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar hutoa salamu zao kwa wananchi. Zipo sikukuu nyingine ambazo pande zetu mbili huzipumzikia pamoja. Tarehe 12 Januari ni siku ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na ndugu zetu wa Bara hufunga ofisi zao kwa ajili yetu. Tarehe 9 Disemba ni siku ya Uhuru wa Tanganyika wa 1961, nasi hufunga zetu kwa ajili yao. Katika siku hizo kila upande humpongeza mwenziwe kwa jambo lake. Tarehe 26 Aprili ina tabia nyingine. Ni siku ya mapatano, na mapatano yana pande mbili, yana maandishi, na yana mambo yaliyoahidiwa.

Kwa sababu hiyo tunaona kwamba sikukuu hii imepungukiwa na kitu kimoja kikubwa, nacho ni hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunasherehekea kila mwaka, lakini hatusomewi daftari. Mwananchi wa Wete au wa Makunduchi huambiwa siku hiyo kwamba Muungano umeimarika, na huenda umeimarika kweli; lakini hakabidhiwi karatasi ya kumwonyesha mwaka huu limekwisha lipi, limebaki lipi, na lile lililobaki limekwama mlango gani.

Yafaa tuanze mbali kidogo, maana wako vijana wengi siku hizi wanaodhani kwamba uhusiano wa visiwa hivi na Bara ulianzia mezani kwa wanasheria. Kabla ya 1964 watu walikwisha kuchanganyika kwa karne nyingi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa na mitaji na watu kutoka Unguja. Mashamba ya karafuu yalilimwa na kuchumwa na watu wengi ambao asili yao ni Bara, wengine wakiwa wameletwa kwa nguvu katika zama za utumwa, wengine wakiwa wamekuja baadaye kutafuta riziki, na wajukuu wao leo ni Waunguja na Wapemba wasio na pengine pa kwenda. Wavuvi wa Kojani tangu zama za mababu huenda dago, wakapiga kambi katika pwani ya Bara kwa miezi na kurudi nyumbani na fedha za kulisha watoto. Nako Tanga na Dar es Salaam, ukiingia katika maduka, humalizi mtaa bila ya kusikia lafudhi ya Pemba.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa Mkuranga, akalelewa na kusomeshwa Unguja, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995, na alipofariki mwezi wa Februari 2024 alizikwa Mangapwani. Mtu huyo ukimwuliza ni wa upande gani, swali lenyewe halikai sawa. Na wako maelfu mfano wake ambao hawakuwa marais.

Basi udugu ulikuwapo. Kilichofanyika mwaka 1964 ni kuupa udugu huo sura ya dola. Mapinduzi yalikuwa tarehe 12 Januari. Tarehe 22 Aprili, hapa hapa Zanzibar, Mwalimu Julius Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume walitia saini Hati za Muungano. Tarehe 26 Aprili ikawa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa Jamhuri mpya. Picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa pande mbili imetundikwa katika ofisi na skuli nyingi kiasi kwamba macho yetu yamekwisha kuizoea, hatuitazami tena. Jina la Tanzania halikuwapo siku hiyo. Lilikuja baadaye mwaka huo huo. Tangu Mapinduzi mpaka Muungano zilipita siku 105 tu. Wengine husema haraka ile ilikuwa busara kwa hali ya dunia ilivyokuwa, wengine husema ilikuwa haraka mno. Sisi hatukusudii kuamua shauri hilo leo. Tunalolijua ni kwamba miungano mingine iliyofanywa na nchi zenye udugu haikudumu: Misri na Syria waliungana 1958 wakaachana 1961, Senegal na Gambia walifanya shirikisho lao 1982 na likavunjika 1989. Wa kwetu ulitimiza miaka 60 mwaka 2024. Hilo si jambo dogo, na anayelidharau hasemi kweli.

Lakini umri mrefu wa nyumba haumzuii mpangaji kuuliza habari za paa.

Hati zile za 1964 zilitaja mambo ya Muungano 11. Miongoni mwake ni mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, na bandari pamoja na posta na simu. Mengine yote yaliyokuwa ya Zanzibar yalibaki kuwa ya Zanzibar. Baadaye orodha ilikua. Sarafu na benki viliingia 1965, mafuta na gesi asilia 1968, na mengine yakafuata, hata orodha iliyoambatanishwa na Katiba ya Jamhuri ya Muungano ikafika mambo 22. Kila nyongeza ilikuwa na sababu yake, na baadhi ya sababu zilikuwa nzuri. Nchi yenye sarafu mbili isingekwenda mbali. Hata hivyo, ukimwuliza mtu wa kawaida hapa Visiwani, naye awe amesoma, akutajie mambo hayo 22, nadra akafika kumi. Ukimwuliza lini jambo fulani liliingia na kwa kura ya nani, atakutazama tu. Mwanafunzi wetu wa skuli anaijua tarehe ya sikukuu na jina la kila aliyetia saini, lakini mapatano yenyewe hayajui. Tena Katiba katika ibara ya 98 imeweka ulinzi mzuri, kwamba orodha hiyo haibadilishwi ila kwa kuungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar. Ni watu wangapi katika visiwa hivi wanaojua kwamba wabunge wao wameshika ufunguo huo?

Habari ya Hati zenyewe inaonyesha jinsi tulivyozoea kusherehekea tusichokiona. Ilikuwa mpaka Aprili 2014, wakati Bunge Maalumu la Katiba likiwa kikaoni Dodoma na mjadala umepamba moto, ndipo serikali ilipoitoa Hati ya Muungano na kuionyesha kwa waandishi wa habari ili kuwajibu waliokuwa wakiuliza kama ipo. Ilikuwapo. Miaka 50 imepita, waliotia saini wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki, ndipo karatasi inaonyeshwa kwa sababu ya mabishano. Cheti cha ndoa kikionyeshwa siku ya ugomvi hakileti furaha ile ambayo kingeleta siku ya karamu.

Sasa tuje kwenye kero. Serikali zetu mbili hupenda kuziita hoja, na sisi hatuna ugomvi na neno hilo, ila mwananchi anayebeba mzigo bandarini haiti hoja. Mwaka 2006 serikali hizo zilianzisha utaratibu wa vikao vya pamoja vya kuyashughulikia malalamiko ya Muungano, chini ya uenyekiti wa Makamu wa Rais. Kwa taarifa za serikali zenyewe, hoja zilizopokelewa na kujadiliwa tangu wakati huo ni 25, na nyingi katika hizo zimetangazwa kuwa zimepatiwa ufumbuzi, baadhi kwa hati zilizotiwa saini mbele ya kamera mwaka 2020 na miaka iliyofuata. Tunawapongeza waliofanya kazi hiyo. Ni kazi ya subira, na haina umaarufu.

Tatizo letu ni kwamba tunapewa idadi. Tunaambiwa zilikuwa kadhaa, zimeondolewa kadhaa, zimebaki kadhaa. Idadi haimsaidii mtu. Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Darajani, maana huo ndio mfano ambao kila mtu wa visiwa hivi anaufahamu kwa macho yake.

Mtu huyo ananunua bidhaa ng'ambo, zinashushwa Malindi, analipa ushuru, anapewa risiti. Risiti hiyo ni ya mamlaka ile ile inayotoza ushuru Dar es Salaam, kwa maana ushuru wa forodha ni jambo la Muungano tangu 1964. Tena tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, viwango vya ushuru wa bidhaa zinazotoka nje ni vimoja. Akipata mteja wa Kariakoo, anapakia bidhaa zake kwenye boti, anavuka mwendo wa saa mbili, na anapofika upande wa pili anaambiwa alipe tena. Hapo ndipo lilipozaliwa neno la kutozwa mara mbili. Maofisa hujibu kwamba si mara mbili, ni tofauti tu. Na wanachokisema kina ukweli wake. Kiwango kilikuwa kimoja, lakini thamani iliyokadiriwa haikuwa moja: bidhaa ile ile ilikadiriwa kwa bei ya chini Zanzibar na kwa bei ya juu Bara, na tofauti ikadaiwa ng'ambo ya pili. Juu ya hayo ipo kodi ya ongezeko la thamani, ambayo si ya Muungano, na kila upande una sheria yake.

Tukiwa waadilifu hatuna budi tuutazame upande wa Bara pia. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa Zanzibar katikati ya miaka ya 1980, wako waliovitumia visiwa hivi kuwa uchochoro wa kupitishia mali iende soko kubwa bila ya kulipa inavyostahiki. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyelipa kodi kamili katika bandari ya Dar es Salaam ana haki ya kulalamika akiona jirani yake anauza rahisi kwa sababu tu mzigo umezungukia Malindi. Hazina nayo ina haki ya kulinda mapato. Haya tunayakubali. Tusichokikubali ni kwamba dawa ya uchochoro iwe kumtoza kila mtu, pamoja na yule mwanamke anayesafiri na televisheni moja ya nyumbani kwa mwanawe anayesoma Dodoma. Dawa ilikuwa kukadiria thamani kwa daftari moja, huku na kule, na kumaliza.

Serikali zetu zimetangaza zaidi ya mara moja kwamba jambo hilo limeshughulikiwa. Vema. Basi limeshughulikiwa vipi? Ni sheria gani iliyorekebishwa, na kuanzia tarehe gani? Msafiri akidaiwa leo katika gati, aonyeshe karatasi gani, na akikataliwa aende kwa nani? Majibu haya yapo katika majalada. Kama yangebandikwa ukutani katika bandari zote mbili, kwa Kiswahili chepesi, hoja ingekuwa imekwisha kweli kweli, kwa sababu msafiri na ofisa wangesoma maneno mamoja. Lisipobandikwa, ofisa wa zamu ndiye anayekuwa sheria.

Mifano mingine tutaipitia upesi. Gari lenye namba za Zanzibar likivushwa kwenda Bara, mwenyewe hukuta masharti kana kwamba linatoka nchi jirani. Sukari ya kiwanda chetu cha Mahonda kuuzwa katika soko la Bara kulifika hadi kuwa suala la vikao vya serikali mbili. Na kuna ile asilimia 4.5 ambayo Zanzibar hupewa kama mpango wa mpito katika misaada ya kibajeti na gawio la Benki Kuu. Watu huitaja barazani kila siku, wengine kwa hasira, lakini wachache ndio wawezao kueleza imetokana na hesabu gani. Kazi ya kuifanya hesabu hiyo upya ilikuwa ya Tume ya Pamoja ya Fedha, ambayo Katiba imeitaja katika ibara ya 134. Sheria ya Tume ilitungwa 1996. Tume ikaanza kazi 2003. Tunaomba msomaji azihesabu mwenyewe hizo siku za katikati.

Kwa upande mwingine yapo yaliyotatuliwa ambayo hayasemwi inavyostahiki. Mafuta na gesi yalikuwa mwiba kwa miaka mingi. Mwaka 2015 sheria ya petroli ya Jamhuri ya Muungano ikaacha njia ya Zanzibar kusimamia rasilimali hiyo yenyewe, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Lilikuwa jambo kubwa, lililoonyesha kwamba mapatano yaweza kutazamwa upya na nyumba isianguke. Lakini hata hilo, mwananchi alilipata kwa vipande vipande. Kwa nini serikali isijipatie sifa yake kwa kulieleza?

Tumesema ya serikali. Sasa tuseme na sisi wenyewe wa Visiwani, maana si haki kumnyooshea mwenzio kidole na kidole chako ukakificha. Tumejizoesha kuutupia Muungano kila mzigo. Maji ya bomba yakikosekana mtaani, mtu hupiga kofi goti akasema, ndiyo Muungano huu. Maji si jambo la Muungano. Afya si ya Muungano. Kilimo si cha Muungano, wala elimu ya msingi, wala barabara ya shamba inayojaa matope kila masika. Hayo yamo mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na Baraza la Wawakilishi ambalo wajumbe wake tunawachagua wenyewe. Kila tunapoutupia Muungano lawama isiyo yake, tunampa nafasi mtendaji wetu wa hapa hapa kupumzika kivulini. Daftari tunalolidai lingetusaidia hata katika hili, kwa kuwa lingechora mpaka: hili muulizeni waziri wa Dodoma, hili muulizeni wa Vuga.

Pendekezo letu basi ni hili. Tarehe 22 Aprili, siku Hati zilipotiwa saini, iwe ni siku ya kutoa taarifa ya mwaka ya utekelezaji wa mapatano, siku nne kabla ya sikukuu. Taarifa itolewe kwa pamoja na serikali mbili, hapa Visiwani ambako saini ziliwekwa, mwaka mmoja Unguja na mwaka wa pili Pemba, kwa kuwa Wapemba wamechoka kupata habari zikiwa zimekwisha kupoa. Iwasilishwe mezani mwa Bunge na mwa Baraza la Wawakilishi katika vikao vinavyofuata, ijadiliwe. Ieleze kila hoja kwa jina lake, lililokubaliwa, lililotekelezwa, lililoshindikana na sababu yake. Nakala ifike kwa kila sheha na kila skuli, na maofisa wa Ofisi ya Makamu wa Rais pamoja na wenzao wa upande wa Zanzibar washuke katika shehia kujibu maswali. Halafu tarehe 26 tusherehekee, na tutasherehekea vizuri zaidi, kwa kuwa tutakuwa tunajua tunachokisherehekea.

Wako watakaosema kwamba kuzianika kero karibu na sikukuu ni kuwapa silaha wasioupenda Muungano. Hofu hiyo tunaifahamu, na si ya bure. Lakini tukumbuke mwaka 1984. Malalamiko yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona yalikusanyika mpaka yakaitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa, na Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Mzee Aboud Jumbe, akajiuzulu. Je, mambo yale yangefika pale kama yangekuwa na siku yake ya kusemwa mchana kweupe kila mwaka? Hatuwezi kuapa. Lakini tume zilizoundwa baadaye kusikiliza wananchi, ya Jaji Nyalali mwaka 1991, ya Jaji Kisanga mwaka 1998, na ile ya Jaji Warioba iliyoanza kazi 2012, zote zilikuta muundo wa Muungano ukizungumzwa. Watu hawakungoja ruhusa. Na Katiba Inayopendekezwa iliyopitishwa na Bunge Maalumu mwezi wa Oktoba 2014 haikufikishwa kwenye kura ya maoni iliyokuwa imepangwa Aprili 2015, kwa hiyo kiu ya kusemwa na kujibiwa ingalipo pale pale. Anayeupenda Muungano ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuisoma hesabu, kabla hajaisoma mwingine kwa nia yake.

Wengine watasema sherehe ina desturi yake, haifai kuigusa. Hilo limejibiwa na serikali yenyewe. Mwaka 2016 sherehe za Muungano ziliahirishwa kwa amri ya Rais John Magufuli, na fedha zake zikapelekwa katika upanuzi wa barabara ya uwanja wa ndege Mwanza. Mwaka 2017 sherehe zikafanyika Dodoma kwa mara ya kwanza. Mwaka 2020 zikaahirishwa tena kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Muungano haukutikisika kwa kukosa gwaride. Kama siku hiyo yaweza kuachwa kwa ajili ya barabara, basi yaweza kuongezewa karatasi.

Mfano wa koti, ambao wazee wetu humnasibishia Mzee Karume, hutajwa sana siku hizi na kila mmoja huupeleka anakotaka. Wapo wanaousikia wakafikiria kulivua tu. Sisi tumekaa na mafundi wa nguo wa mji huu, na tunajua kwamba koti likibana kwapani fundi hamwambii mtu alivue akalitupe, wala hamwambii avumilie. Humsimamisha mbele ya kioo, akampima, akafumua pale penye tatizo, akaongeza kitambaa, akashona. Lakini hawezi kushona kama mwenye koti hakuambiwa aseme linambana wapi, au akisema anaambiwa kwamba koti ni zuri sana na limedumu miaka mingi.

Usiku wa tarehe 18 Julai 2012 watu wa pande zote mbili walikuwa wamesimama gatini Malindi. Meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilikuwa imezama karibu na Chumbe, na hakuna aliyeuliza maiti iliyoopolewa ni ya Bara au ya Visiwani ila kwa ajili ya kujua izikwe wapi. Misiba ya namna ile imetuonyesha kwamba bahari hii ni moja, ingawa wanaosajili na kukagua vyombo vyake ni mamlaka mbili, moja ya kila upande. Usalama wa vyombo hivyo nao ungestahili ukurasa katika taarifa tunayoiomba.

Kutoka leo mpaka Aprili nyingine upo muda wa kutosha kuiandaa, kwa kuwa sehemu kubwa imekwisha kuandikwa katika mihutasari ya vikao vya pamoja na inangoja kutolewa tu. Gazeti hili liko tayari kuichapisha taarifa hiyo neno kwa neno, bila ya malipo, hata ikichukua kurasa za matangazo, na liko tayari pia kuchapisha majibu ya masheha na ya wasomaji wa Unguja na Pemba katika siku zitakazofuata. Tunawaomba wahusika watuletee nakala.